Ziwa Tanganyika lipumzike, lakini nani alipie mapumziko hayo?

Wapo wanaodai kwamba kila anayelalamikia kufungwa kwa uvuvi katika Ziwa Tanganyika ni adui wa uhifadhi. Mimi ni mkazi wa Kigoma, naunga mkono ziwa kufungwa, na bado nalalamika.

Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa dagaa hukua upesi. Wala kupumzika si jambo geni kwetu: uvuvi wa taa hutegemea giza, hivyo kila mbalamwezi inapowadia mitumbwi hukaa ufukweni. Lakini siku hizo chache mtu huzivuka kwa kukopa unga dukani, ilhali kwa miezi mitatu hakuna mwenye duka atakayemvumilia.

Mwenye chombo na injini huenda ana akiba. Kibarua wake hulipwa kutokana na kilichovuliwa usiku ule ule. Na mama anayenunua dagaa alfajiri kwenye mialo, yaani fukwe za kupokelea samaki, ya Kibirizi au Katonga, akawaanika, akawauza, aghalabu mtaji wake ni mkopo wa kikundi. Ziwa likifungwa, marejesho hayafungwi. Mama huyu hatajwi kabisa tunapojadili uhifadhi, kana kwamba uvuvi huishia majini. Wanaomwambia akalime wanasahau kwamba mwezi Mei ndipo mvua zetu zinapokatika.

Tena, si kila upungufu wa samaki umeletwa na wavuvi. Ziwa limeongezeka joto, na maji ya juu hayachanganyiki vema na ya chini yenye rutuba. Kosa hilo halikufanyika Ujiji.

Napendekeza marejesho yasimamishwe kwa miezi yote ya kufungwa, na sehemu ya ushuru wa mialo itengwe mapema kwa ajili ya vibarua na waanikaji. Vilevile makokoro, nyavu za kukokota zinazokumba samaki wachanga karibu na ufukwe, yazuiwe kwa dhati katika ile miezi mingine tisa. Wanaotaka ziwa lifungwe bila masharti hayo watuambie: marejesho ya mwezi Juni mama wa Kibirizi ayalipe kwa fedha ipi?