Tupeane uzoefu: kubadili mbele nzima ya pikipiki ya zamani, kutoka dramu kwenda diski

Wakuu, habari za muda huu. Nina Honda CG125 ya zamani niliyoachiwa na baba mdogo. Injini haina neno. Shida iko mbele: shokapu zimelegea, na breki ya dramu (ile ya shuu zinazobana ndani ya kikombe cha rimu) ukishuka mlima na mzigo inapata moto mpaka unaminya mkono wote na chombo bado kinateleza tu. Nataka kung'oa shokapu, rimu na breki, niweke za diski (ile ya pedi zinazobana sahani ya chuma) kutoka pikipiki nyingine. Fundi mmoja kaniambia "inaingia tu", mwingine kasema nitajiua. Kwa hiyo nawauliza waliofanya, si waliosikia. Ulichukua za pikipiki gani, nini kiligoma, na sasa inashikaje?

Mtoto wa Gerezani:
Mkuu, CG yangu ina diski na natembelea kila siku. La kwanza, usinunue kipande kipande. Mguu wa shokapu ya dramu una kinundu kinachozuia sahani ya breki isizunguke. Wa diski hauna hicho, una masikio ya kufungia kalipa, yaani kile kibanio chenye pedi. Kwa hiyo rimu ya dramu haikai kwenye shokapu za diski, wala kinyume chake. Kuna watakaokwambia uchomelee sikio. Mguu ule ni wa aluminiamu na ndio unaobeba nguvu yote ya breki, mimi siupandi.

Nilinunua mbele nzima ya pikipiki ya Kichina ya cc 150 iliyogongwa nyuma: shokapu, vishikio vyake vya juu na chini, rimu, ekseli, kalipa, masta (pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye mkono) na mpira wake. Shokapu zangu za zamani zilikuwa na unene wa mm 27, hizi mm 31, kwa hiyo bila vishikio vyake usingefika popote. Kilichogoma ni mhimili wa stelingi, ulikuwa mrefu kuliko shingo ya fremu. Fundi wa mashine ya kukereza akautoa kwa presi, akaweka ule wa zamani na bushi (pete ya kuziba nafasi) ya kuchonga. Hapo tafuta fundi mwenye mkono, usibane shilingi.

Mwenye mada:
Shukrani mkuu. Na shokapu za chombo kilichogongwa nitajuaje hazijapinda?

Mtoto wa Gerezani:
Mwambie muuzaji azifungue. Chukua ile bomba ya kromu, ibiringishe juu ya kioo cha dirisha. Ikipinda utaona mwanga unapita chini yake. Muuzaji akikataa kufungua, umeshapata jibu.

Nduthi wa Kisii:
Huku Kenya mimi nilipata shida ya masta. Fundi aliniambia yoyote itafanya, akaniwekea ya pikipiki kubwa kwa kalipa ndogo. Mkono ukawa mgumu ajabu, naminya na vidole vinne na haishiki. Pistoni ya masta ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, unapoteza nguvu. Soma namba iliyo kwenye mwili wa masta, masta na kalipa zangu za sasa zinalingana kwa sababu zimetoka chombo kimoja. Mafuta ya breki weka DOT 3 au DOT 4, DOT 5 usiguse, ni ya silikoni na haichanganyiki nazo. Na funika tangi na gunia wakati wa kutoa upepo, yakidondoka yanakula rangi.

Mpemba wa Wete:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi nasifu diski kwa jambo moja, masika. Dramu ikishaingia maji ilikuwa haishiki mpaka ikauke, wallahi ukifika njia panda unasoma dua. Diski unagusa kidogo, pedi zinafuta maji, imeshika. Ila wa pwani angalieni kromu. Chumvi inaila inatoboka vishimo, halafu kila oili sili (mpira wa kuzuia mafuta ya shokapu) unayoweka inakatika. Shokapu yenye vishimo usiichukue hata ukipewa bure.

Mzee wa Shamba:
Vijana, si lazima. Mimi niko na Yamaha AG100, kazi yake matope na magunia. Nilikereza dramu kidogo tu irudi duara, nikaweka shuu mpya, springi mpya za shokapu na mafuta mapya. Inanitosha. Sili za shokapu zilikuwa zinavuja mafuta yanaingia kwenye shuu, ndiyo maana breki ilikuwa haipo. Mwenye mada, kabla hujauza ng'ombe fungua dramu uone kama imelowa.

Mwenye mada:
Mzee wangu, shikamoo. Nimefungua jana, imelowa kweli, na dramu yenyewe ina mtaro unaoingiza kucha. Ila milima ya huku Lushoto naona bado itanidai diski. Je, geji ya spidi inafanyaje, rimu niliyoonyeshwa ni ya inchi 17 na yangu ni 18?

Mtoto wa Gerezani:
Itakudanganya, na mbele itashuka kidogo, stelingi iwe nyepesi. Kama unaweza, subiri ya 18. Ukikosa, chukua na geji yake.