Naomba ushauri: yadi baada ya kudaka zinapima nini hasa?

Habari zenu wakuu. Nachambua ushambuliaji wa timu ya San Francisco 49ers, msimu wa 2021 wa NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani (American football). Mdakaji wao Deebo Samuel alidaka pasi 77 akapata yadi 1,405, na zaidi ya nusu alizikimbia mpira ukiwa tayari mkononi. Sifa hizo ni zake, za kotabeki (mrusha pasi), au za michoro ya mashambulizi ya kocha Kyle Shanahan? Maana mtu akidaka yadi 3 nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo akafika yadi 5 mbele yake, anaandikiwa yadi 8 za baada ya kudaka. Hapo namba inapamba mno!

Nimejaribu kutenga pasi fupi na ndefu, bado haijakaa sawa. Je, nigawanye kwa mipira iliyodakwa au kwa pasi zote zilizorushwa? Na niilinganishe na takwimu gani nyingine?