MREJESHO: Binti wa dada yangu na mtihani wa UCE (wa kumaliza kidato cha nne Uganda)

Ndugu zangu, nilipouliza namna ya kumsaidia binti wa dada yangu wa kidato cha nne, aliyekuwa akikariri madaftari usiku kucha, mlinijibu kwa ukarimu, nami nawashukuru. Uliofaa zaidi ni ushauri wa kuweka kando karatasi za mitihani ya kabla ya 2024, kwa kuwa tangu mwaka huo UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hutahini mtaala mpya, ambao maswali yake humpa mtahiniwa hali halisi na kumtaka atumie elimu yake kuitatua. Tulichagua hali moja, tuseme maporomoko ya udongo ya Bududa, mashariki mwa Uganda, akanieleza jibu lake kwa sauti kabla ya kuandika. Amepata B katika jiografia na biolojia. Hisabati ni D: anaelewa, lakini muda humwishia, na kumpimia saa nyumbani kulimtia hofu tu, tukaacha. Kikundi cha wenzake, mniwie radhi, kiligeuka baraza la soga. Kulala mapema, ambako mama yake alikuita uvivu, kulisaidia kuliko nilivyotarajia. Mwenye mtoto wa kidato cha tatu afuatilie sasa kazi za darasani, maana zina asilimia 20 ya matokeo.