Fimbo za kulengea za miguu mitatu: mianzi au mtiki, boliti au mpira?

Mnyika wa Pongwe

Wakuu, habari za humu. Nataka kutengeneza fimbo za kulengea za miguu mitatu, yaani za kulazia bunduki wakati wa kulenga, za kubeba begani mwendo wa saa nne au tano kwenye vichaka vya upande wa Handeni. Leseni ya kuwinda na ya silaha zipo, hilo lisitupotezee muda. Bunduki na darubini yake ni kama kilo nne, urefu wangu ni sentimita 170. Naomba msaada wa haya: nichukue mianzi ya Lushoto au mabaki ya mtiki kwa maseremala wa Muheza? Fimbo ziwe na urefu gani? Shingo, pale fimbo tatu zinapokutana, nifunge kwa boliti au kwa mpira? Na je, kuweka mfuko wa mchanga juu yake kunasaidia, au ni mzigo wa bure?

Seremala Ngamiani

Mkuu, tuanze na urefu, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Mtu anapima fimbo zikiwa zimesimama wima, anasahau kwamba zikitanuliwa zinashuka. Kwa kimo chako, pale bunduki inapolala panatakiwa pawe kama sentimita 145 kutoka chini, yaani kati ya bega na kidevu. Nyayo za fimbo zikiachana sentimita 78 hivi, mguu wa sentimita 152 kutoka kwenye shingo hadi chini ndio utakaokupa hiyo 145. Juu ya shingo ongeza 13 za pembe za kushikia bunduki. Jumla 165. Ila kata 170 kwanza, funga kwa muda, simama nazo ukiwa umevaa viatu vya porini, ndipo upunguze chini kidogokidogo.

Miti: mtiki wa shamba la miti la Longuza ni mzuri kwa kuwa hauliwi na wadudu kirahisi na hautikisiki na unyevu. Tafuta kipande ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Zikikata upande, hata kama ni kidogo, mguu utavunjikia hapo hapo siku utakapoegemea kwa nguvu. Chana milimita 25 kwa 25, piga randa pembe mpaka ubaki mviringo wa milimita 22, msasa, kisha mafuta ya kitani mara mbili. Vanishi sikushauri: inang'aa juani. Fimbo tatu za namna hiyo zinakaribia kilo moja na robo.

Mwanzi haupungui uzito sana kama watu wanavyodhani, hasa ule mnene wa ukuta. Faida yake ni ugumu: haupindi ukiuegemea. Kipenyo kiwe sentimita 2.5. Na jambo moja ambalo halina mjadala: chini kata sentimita 2 baada ya fundo, juu kata hapo hapo juu ya fundo, ili ncha zote mbili ziwe zimeziba. Ukikata katikati ya pingili, ncha inajaa udongo na maji, halafu inapasuka kama ufagio.

Mkoko msiuguse kabisa. Ni mzito, na kuukata bila kibali ni kosa.

Kwa shingo mimi natumia boliti ya milimita 6 inayopita fimbo zote tatu. Kazi safi, haihitaji kukazwa kila siku.

Mkwaja Kaskazini

Hapo kwenye boliti napingana na Seremala, na sababu ni tatu.

Kwanza, boliti moja ikipita fimbo tatu zilizopangwa sambamba, zinafunguka kama mkasi, upande mmoja tu. Ile ya katikati haitoki mbele. Ili itoke lazima tundu liwe kubwa kuliko boliti, milimita 9 kwa boliti ya 6, na uweke washa za mpira kati ya fimbo na fimbo. Ukishafanya hivyo shingo inalegea na kucheza. Pili, tundu kwenye mwanzi ni mwanzo wa ufa, kwa kuwa nyuzi zote zinakwenda kwa urefu. Lazima uzungushie uzi wa nailoni juu na chini ya tundu, na bado si salama. Tatu, chuma kinalia. Swala hajali harufu yako upepo ukiwa mzuri, lakini mlio wa nati porini haufanani na kitu chochote anachokijua.

Tumia tyubu ya baiskeli. Ichane kwa urefu upate mkanda wa upana wa sentimita 2.5, mita mbili zinatosha. Laza fimbo tatu sambamba mezani, ncha za juu zikiwa sawa. Pima sentimita 13 kutoka juu. Pitisha mkanda juu ya fimbo ya kwanza, chini ya pili, juu ya tatu, zungusha, urudi kinyume chake. Mizunguko sita. Kila mzunguko uvute mpaka mkanda urefuke kama theluthi, usizidishe. Halafu ingiza mkanda katikati ya fimbo na fimbo, mara mbili kila nafasi, ili kubana ile mizunguko. Malizia kwa kupitisha ncha chini ya mzunguko wa mwisho.

Jaribu: zitanue, zisimamishe, kisha sukuma pembe kwa kidole. Zikijizungusha zenyewe, umelegeza. Zikigoma kufunguka, au zikifunguka halafu zikajirudisha, umekaza mno. Fungua uanze upya, kwa sababu huwezi kurekebisha katikati.

Kamba ya mkonge, japo hapa kwetu ndiko nyumbani kwake, haifai kazi hii. Umande wa alfajiri unaikaza, jua la saa sita linailegeza, na wewe unabaki na fimbo tofauti asubuhi na mchana. Angalizo kuhusu mpira: mafuta ya bunduki yanaulainisha na jua linaupasua. Badilisha kila msimu hata kama unaonekana mzima.

Pembe zivalishe ngozi laini au tabaka mbili za tyubu ile ile. Bunduki ikilala juu ya kitu kigumu, inaruka wakati risasi bado imo ndani ya mtutu, na mara nyingi inapiga juu ya ulipolenga. Na kinacholala hapo ni ubao wa mbele wa bunduki, si mtutu. Mtutu hutetemeka risasi inapopita. Ukiugusisha fimbo, jiwe au tawi, risasi inahama. Ukilazimika kutumia mti au kichuguu, weka kiganja chako au koti lililokunjwa kati ya ubao na hicho kitu.

Cherehani Bagamoyo

Nami nijibu la mfuko, maana hii mifuko naishona.

Mchanga usiutumie, na wa pwani ndio kabisa. Una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na ndani ya wiki chache utakuta kutu pale bunduki inapogusa. Isitoshe, lita moja ya mchanga ina zaidi ya kilo moja na nusu. Maharage na choroko watu wanaweka. Fukusi wanaingia, mfuko unageuka unga. Pumba za mpunga zilizokauka ndizo nyepesi na zinakaa umbo. Usumba wa nazi pia unafaa, ila uuchambue vizuri, mavumbi yote yatoke.

Mfuko wenyewe uwe kama tandiko la punda: vifuko viwili vya turubai, kila kimoja sentimita 12 kwa 18, vimeunganishwa na shingo ya sentimita 6 isiyojazwa kitu. Shingo inakaa kwenye pembe za fimbo, vifuko vinaning'inia huku na huku. Jaza robo tatu tu. Ukijaza pomoni unakuwa mgumu kama mpira wa miguu na bunduki inateleza. Shona kwa uzi wa nailoni, mishono miwili, kisha geuza nje ndani ili mshono usikwaruze mbao. Zipu hapana, inalia na inakwaruza. Mdomo ufunge kwa sindano ya gunia.

Kwa fimbo zilizovalishwa ngozi vizuri, kaka, mfuko si lazima. Kazi yake kubwa ni pale unapolalia gogo, jiwe au kichuguu.

Seremala Ngamiani

Mkwaja, la ufa kwenye mwanzi nimekubali. Boliti ibaki kwa mtiki, na kwa anayewinda ngiri kwenye shamba la mahindi ambako hatembei sana. Kwa mwendo wa saa tano, tyubu.

Mnyika wa Pongwe

Asanteni sana wakuu, na dada pia. Mianzi ninayoweza kuipata Lushoto ni mibichi. Nifanyeje? Na kwenye mteremko miguu inakaaje?

Mkwaja Kaskazini

Chagua mwanzi wa miaka mitatu kwenda juu. Mwanzi mchanga bado una maganda kwenye mafundo na rangi mbichi inayong'aa. Uliokomaa umefifia, una madoa ya ukungu, na ukiugonga kwa kisu unalia kavu. Kata wakati wa kiangazi. Uloweke kwenye maji baridi wiki mbili hadi tatu, ukibadilisha maji, ili wanga utoke. Wanga ndio chakula cha wadudu wanaoacha unga wa njano. Baharini pia wapo wanaoloweka, lakini hiyo chumvi utaibeba hadi kwenye bunduki. Kisha usimamishe kivulini wiki sita. Ukiuanika juani utapasuka.

Kwenye tambarare, mguu mmoja uelekee shabaha, miwili ibaki upande wako. Unaegemea mbele, kwa hiyo mbele ndiko kunakohitaji mguu. Kwenye mteremko, mguu ulio upande wa juu utanue zaidi ya mingine mpaka pembe zirudi katikati. Kwenye mawe valisha ncha ile mipira ya magongo ya wagonjwa, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Kwenye matope ivue, itabaki humo.

Zikiwa tayari, nenda sehemu iliyoruhusiwa kulengea shabaha. Mita 100: risasi tatu ukiwa umekaa mezani kwenye mifuko, tatu ukiwa umesimama kwenye fimbo. Ukiona kundi la pili limetawanyika, hiyo ni mazoezi yako. Ukiona limekaa pamoja lakini limehama lote upande mmoja, kagua ubao na pembe, kuna kitu kinagusa mtutu.

Na la mwisho, angalia kwa macho yako ncha ya mtutu kabla ya kugusa triga. Darubini iko sentimita nne au tano juu ya mtutu. Inaweza kukuonyesha njia nyeupe kabisa huku mtutu unatazama jiwe lililo hatua mbili mbele yako. Wakati wa kutembea, bunduki isiwe imekokiwa, na usiiegemee kupandia mlima. Fimbo ndizo za kupandia.