Naomba ushauri: riwaya yangu ya upelelezi imekwama

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Jinja, Uganda, naandika riwaya ya upelelezi, ile ya upole isiyomwaga damu. Bibi, shangazi na mjukuu wa miaka 12 wanamsaka aliyeiba magunia mawili ya senene (wale panzi wanaoliwa) huko Masaka, msimu wa Novemba. Mazingira nayajua. Nimewahi kukesha kwenye mitego: taa kali zinamulika angani, moshi wa nyasi umetanda, senene wanagonga mabati yaliyosimamishwa na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Asubuhi macho yamevimba. Hapo sina shida.

Shida ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Huku kwetu ukiibiwa unaanzia kwake, naye anamjua kila mtu. Nikimpa akili, kesi inaisha ukurasa wa 20 na bibi anarudi kumenya matoke. Nikimfanya mzembe, inakuwa kejeli tupu (na mwenyekiti wetu anasoma vitabu!). Nimsafirishe? Nimfanye augue?

Halafu kuna dalili. Mwizi ni mkwe wa shangazi, na kinachomuumbua ni mbawa za senene zilizonasa kwenye pindo la gomesi lake (lile vazi refu la wanawake), ilhali anaapa hajashika senene mwaka huu. Nimeitaja mapema ili nisimdanganye msomaji, lakini dada yangu kamkamata mwizi sura ya tatu tu. Dalili kama hiyo mnaifichaje hadharani?

Nina sura saba, bado naweza kubomoa. Msinionee huruma.