Timu ikisema "tunajijenga upya" shabiki avumilie misimu mingapi?

Mgosi wa Makorora:

Wakuu habari za usiku. Swali langu la ajabu kidogo, pale barazani kwetu Makorora nimeliuliza wakanicheka mpaka kahawa ikamwagika, nikaona nililete huku labda nipate wenye akili timamu.

Mdogo wangu yuko Lincoln, jimbo la Nebraska, anasoma mambo ya udongo na mazao. (Mzee wetu alipoambiwa anaenda Marekani kusomea shamba akauliza kwani mkonge wa hapa umeisha.) Sasa kule chuoni kwao kuna timu ya ule mpira wao wa kubeba mkononi na mahelmeti, wanaitwa Cornhuskers, yaani wamenya mahindi. Na mtu akisema timu ya chuo msiwaze UMISSETA ya shule za sekondari, huo uwanja unaingiza watu zaidi ya 80,000, Mkapa unazidiwa, na tangu 1962 hakuna mechi ya nyumbani ambayo tiketi zilibaki. Dogo akanitumia jezi, nyekundu, nikaivaa siku moja kwenda Mkwakwani, uwanja wetu hapa Tanga, wagosi wakajua jezi mpya ya timu yetu Coastal Union wakaanza kuniuliza imetoka lini na shilingi ngapi.

Basi na mimi nimenasa. Mechi ikianza saa tano asubuhi kwao huku ni usiku tumeshakula, bando ikiwepo naangalia, sheria nimeshazielewa kiasi, tachidauni pointi sita, una majaribio manne ya kusogea yadi kumi, ukishindwa unampa mwenzako mpira. Shida sio sheria. Shida ni kwamba hii timu ina makombe matano ya taifa, la mwisho 1997, halafu kuanzia 2017 mpaka 2023 misimu saba mfululizo haikupata hata ushindi wa kutosha kucheza zile mechi za mwisho wa mwaka wanazoziita boli, ambazo ukishinda sita kati ya kumi na mbili unaingia, yaani nusu tu!

Mwishoni mwa 2022 wakamleta kocha Matt Rhule, na huyu sifa yake ni hiyo hiyo ya kufufua timu. Alipokuwa chuo cha Temple mwaka wa kwanza alishinda 2 akafungwa 10, mwaka wa tatu kashinda 10. Akaenda Baylor, mwaka wa kwanza 1 kwa 11, wa tatu 11 kwa 3. Kwa hiyo Nebraska nzima ikakaa inahesabu vidole, 2023 wakapata 5 kwa 7, sawa tunajenga, 2024 wakapata 7 kwa 6 na boli wakashinda, sawa tunapanda, 2025 ndio mwaka wa tatu, mwaka wa muujiza, dogo kanipigia simu mwezi wa nane anaongea kama mtu anayengoja posa ijibiwe.

7 kwa 6 tena.

Sasa dogo kasusa, anasema kadanganywa. Mimi namwambia vumilia, ananijibu wewe Coastal umeivumilia umepata nini. Nikakosa jibu wallahi. Ndio nauliza, mnaojua mpira wa aina yoyote ile, hii lugha ya kujijenga upya ina kikomo? Shabiki ategemee nini na kwa muda gani?

Kashata Moto:

Yaani mgosi umekosa maumivu ya Coastal ya kukutosha ukaenda kuagiza mengine Marekani 😂😂 tena umelipia na bando

Mzee wa Barabara ya 12:

Mwanangu Mgosi, mimi hiyo michezo ya mahelmeti siijui ila hadithi yako naijua mwanzo mwisho, ni ya kwetu imevaa nguo nyingine. Sisi ubingwa wa bara tuliuchukua 1988. Nilikuwa kijana, baiskeli yangu ya Phoenix nilimbeba mtu mbele na mwingine nyuma kutoka Ngamiani mpaka Mkwakwani, na siku ile mji haukulala. Tangu hapo kila kocha anayekuja anapokelewa na 1988 mlangoni. Hajafungua hata begi anaambiwa hii timu ni bingwa wa zamani. Wachezaji wenyewe wengine baba zao walikuwa hawajaoa!

Nikuulize, huko Nebraska walishawahi kumfukuza kocha anayeshinda? Maana hapo ndipo ugonjwa huanzia.

Mgosi wa Makorora:

Mzee shikamoo. Wewe umejuaje? Dogo alinisimulia, 2003 walimtimua kocha aliyeshinda 9 akafungwa 3. Halafu 2014 wakamtimua mwingine, Bo Pelini, ambaye misimu yake yote saba hakuwahi kushinda chini ya mechi 9. Walisema 9 haitoshi, sisi ni watu wa makombe. Leo wakipata 9 nadhani watachinja ng'ombe.

Na kabla ya Rhule walimrudisha mtoto wa nyumbani, Scott Frost, ndiye aliyekuwa kwotabeki wao (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) walipobeba lile kombe la 1997. Watu walilia kwa furaha. Kaondoka 2022 kashinda 16 kafungwa 31.

Mzee wa Barabara ya 12:

Marahaba. Sasa umeona. Mtoto wa nyumbani anapewa shangwe siku ya kwanza halafu akianguka anatukanwa mara mbili, kwa kufungwa na kwa kutuharibia kumbukumbu.

Bint Chumbageni:

Mnazungumzia idadi ya misimu tu. Mimi nauza mihogo ya kukaanga nje ya uwanja siku za mechi, mwaka wa tisa huu, matokeo nayajua kabla sijaambiwa. Watu wakitoka wanagombana, huyu anasema kocha kakosea kumtoa kiungo, yule anasema beki wa kushoto hafai, wananichelewesha kuhesabu chenji kwa makelele yao, hiyo timu hata kama imefungwa bado ina watu. Lakini kuna siku wanaanza kutoka dakika ya sabini, kimya kimya, anachukua muhogo hadai hata pilipili, anaufunga kwenye gazeti anakwenda. Siku hizo ndio naogopa. 2016 ile timu zetu zote tatu za Tanga ziliposhuka pamoja, Coastal, African Sports na Mgambo, watu walikuwa wameacha kudai pilipili tangu mwezi wa pili.

Kwa hiyo Mgosi usimuulize mdogo wako mwaka wa ngapi. Muulize wanafungwaje. Wanafungwa vile vile au kuna kitu kimebadilika?

Mgosi wa Makorora:

Dada swali lako limenifanya nimpigie dogo saa hii na kule ni mchana yuko maabara. Majibu yake haya.

2021 chini ya Frost walipata 3 kwa 9. Lakini zile mechi 9 zote walifungwa kwa tofauti isiyofika pointi kumi. Zote tisa! Na ukijumlisha msimu mzima pointi walizofunga zilizidi walizofungwa. Yaani ni timu iliyokuwa inafika mlangoni halafu inadondosha ufunguo.

2025 ni kinyume. Walianza vizuri, halafu tarehe 1 Novemba mechi na USC kwotabeki wao Dylan Raiola akavunjika mguu, wakafungwa 21 kwa 17. Mechi mbili za mwisho kabla ya boli ikawa 37 kwa 10 kwa Penn State na 40 kwa 16 na Iowa, tena Iowa ni jirani na walikuwa nyumbani. Hiyo ya Iowa niliiangalia, ilikuwa Ijumaa, tumetoka isha, nikaweka simu juu ya kopo la sukari watoto nao waone. Robo ya tatu mke wangu kaniambia "hao wekundu wako wamechoka" na yeye hajui hata mpira upi ndio wenyewe. Mwisho wa msimu Raiola naye kaaga, kahamia chuo cha Oregon.

Sasa hapo dada ndio nashindwa, rekodi inasema tumepanda, macho yanasema tumeshuka.

Bint Chumbageni:

Amini macho. Wa 2021 walikuwa wagonjwa wa kitu kimoja, dakika za mwisho. Hawa wa 2025 kakatika mtu mmoja timu yote imelala. Miaka mitatu ya kujenga halafu nguzo ni moja? Hiyo mimi ningemuuliza kocha kwa ukali kabisa, na simaanishi afukuzwe.

Fundi Baiskeli Pongwe:

Hapo kwenye mchezaji kuhama ndipo mnatakiwa mkae. Siku hizi kule wachezaji wa chuo wanaruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mzima kama zamani, na tangu 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na sura zao, matangazo na nini. Kwa hiyo kujijenga upya kule kumebadilika maana. Zamani unachukua vijana wa sekondari unawalea miaka minne ndio unavuna, kilimo cha minazi. Sasa hivi ni mchicha.

Angalieni Indiana, wako ligi moja na hao wa Nebraska. Indiana ilikuwa timu ya kuchekwa, wao kwao ni basketi. 2023 wameshinda 3 wamefungwa 9. Akaja kocha Curt Cignetti, kaja na wachezaji 13 kutoka chuo chake cha zamani James Madison, mwaka wa kwanza tu 11 kwa 2, mwaka wa pili hawakufungwa hata mechi moja, 16 kwa 0 na ubingwa wa taifa juu. Sasa wewe shabiki wa Nebraska unaambiwa vumilia mwaka wa nne wakati jirani kapika kala kaosha na vyombo. Dogo ana haki ya kususa, samahani Mgosi.

Kashata Moto:

Mchicha ukivunwa unaota nini baadae fundi?

Fundi Baiskeli Pongwe:

Unapanda mwingine. Si ndio kazi.

Mzee wa Barabara ya 12:

Fundi, hiyo ya kuvuna na kuvunwa sisi tunaijua kwa upande wa shamba. 2022 pale Arusha fainali ya kombe la shirikisho na Yanga, 3 kwa 3, kijana wetu Sopu kafunga yote matatu peke yake, tukatolewa kwa matuta. Nilirudi na basi usiku kucha sina sauti. Haijapita muda kijana yuko Azam. Kabla yake Mwamnyeto alikwenda Yanga. Siwalaumu, mtoto akipata riziki aende. Lakini shabiki wa Coastal ukimwambia tunajenga anajua tunawajengea wengine.

Halafu kuna kitu mmekiruka. Nimemuuliza mjukuu wangu hapa, ananiambia hao wa vyuo hawashuki daraja. Kweli?

Mgosi wa Makorora:

Kweli mzee, hawashuki. Ukifungwa zote 12 mwakani upo pale pale na ligi ile ile na uwanja umejaa.

Mzee wa Barabara ya 12:

Basi kumbe hatufanani. Mtu asiyeshuka daraja anaweza kusema kujijenga upya mpaka mwisho wa dunia, nani atamgusa? Huyo kocha wao hata akipata 7 kwa 6 miaka kumi anakula mshahara. Sisi tuliposhuka 2016 tumerudi ligi kuu msimu wa 2018/19, ile misimu ya chini tulikuwa tunacheza viwanja ambavyo mbuzi anapita katikati refa anamngojea. Hofu ile ndiyo inayofupisha subira ya mtu wa Tanga. Na ndiyo iliyotupa ule msimu wa 2023/24, nafasi ya nne, kipa Matampi hafungiki, tukaenda mashindano ya Afrika.

Kashata Moto:

Tukaenda Afrika tukapigwa tatu na Bravos wa Angola mzee malizia hadithi 😂

Mzee wa Barabara ya 12:

Nilikuwa nameza mate kwanza.

Bint Chumbageni:

Mzee hapo kwenye kushuka daraja umenigusa, ila mimi nageuza. Kwa sababu hawashuki, ndio shabiki wa kule inabidi awe mkali kuliko sisi. Sisi tuna msimamo wa ligi unatufokea. Wao nani anawafokea kama tiketi zinaisha toka 1962? Kocha anaangalia jukwaani kila wiki pamejaa, anaona hawa wako sawa tu.

Mgosi wa Makorora:

Dada umesema neno ambalo dogo nalo limemkera sana. Mwezi wa kumi 2025, kabla msimu haujaisha, kabla ya Iowa, Rhule kaongezewa mkataba mpaka 2032. Kulikuwa na maneno kwamba Penn State wanamtaka, basi wakamfunga kamba haraka. Halafu ndio akaenda kupigwa 37 na hao hao Penn State!

Fundi Baiskeli Pongwe:

2032?? Huo sio mkataba huo ni kiwanja na hati.

Mgosi wa Makorora:

Haya nimemsomea dogo majibu yenu yote kwa simu, kacheka kwenye mbuzi na refa. Tumekubaliana hivi, mwaka huu hahesabu ushindi. Anataka kuona mambo mawili tu. Moja, wakiumia mtu mmoja timu isimame. Pili, Iowa. Kasema hata wakifungwa na wote, Iowa wasifungwe, maana pale maabara mwenzake wa meza ya pili ametoka Iowa na tangu Novemba kamuwekea bendera kwenye darubini.

Mimi nikamwambia na wewe tiketi usinunue basi wakuone upo serious. Kanyamaza. Kumbe kashanunua.

Bint Chumbageni:

Huyo bado anadai pilipili.

Kashata Moto:

Mgosi hiyo jezi nyekundu kuna saizi ya kati? Nitaivaa Mkwakwani sitasema ya nani