Ibis tatu, Mercure, Novotel: nimlaze mama wapi Paris?

Hamjambo wadau. Niko Kisumu, na mwezi wa nane nampeleka mama Ufaransa kumwona dadangu. Dada anaishi chumba kimoja, kwa hiyo tutalala hotelini. Nyingi za karibu naye ni za kampuni moja, Accor, hiyo hiyo ya Fairmont The Norfolk pale Nairobi. Kati ya majina ya hoteli zake, Sofitel ni ya wenye pesa, naiacha. Kinachonisumbua ni Ibis. Ziko za aina tatu: ya kawaida yenye alama nyekundu, Ibis Styles ya kijani na Ibis budget ya bluu, na bei zinapishana kidogo tu. Halafu juu yake kuna Mercure na Novotel.

Mama ana miaka 70 na goti moja halikunji vizuri. Bafu la kuvuka ukingo hawezi, lifti ni lazima, na hamezi dawa za asubuhi kabla hajala. Mliolala huko, kiamsha kinywa kimo ndani ya bei ama kinalipiwa kando? Chumba cha budget kinatosha vitanda viwili na mtu apite bila kujigonga? Na Mercure moja hufanana na nyingine, ama kila moja ina mambo yake? Naomba mnisaidie kabla sijalipa, maana ukichukua ile bei ya chini kabisa, mara nyingi pesa hairudishwi.